Yai la Dinosaria Nililolichimba Mwenyewe

Wenzangu, mtacheka, lakini ngojeni nimalize. Mjukuu wangu Neema anasomea miamba chuo kikuu, na kijiji chetu kizima cha Mbaha nimekitangazia. Likizo hii alinisimulia kuwa mayai ya dinosaria, wale wanyama wakubwa wa kale, yakikaa ardhini miaka na miaka hugeuka mawe. Kesho yake nachimba muhogo pale ilipoanguka nyumba ya marehemu mama, jembe likagonga jiwe laini, la duara refu, yai kabisa!

Nikaliosha, nikalifunga kwa kitenge cha kanisani, nikaita kwaya nzima ya akina mama. Nilitaka Neema arudi chuoni na kitu cha maana kutoka kwa bibi yake aliyeishia darasa la pili. Hata jogoo nilimfukuza asilikaribie.

Neema akaligeuza juani. "Bibi, yai lililogeuka jiwe huwa na ganda jembamba, lenye vitundu vidogo vidogo. Hili halina ganda. Halafu ona, upande huu umelika."

"Hapo ndipo mama yake alipoliatamia!" nikamjibu.

Kwaya wakaangua kicheko. Neema hakucheka. Alichukua mkono wangu, akauweka juu ya jiwe. Kiganja kikatulia pale kama kimerudi kwao, kisha mkono wenyewe ukaanza kwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma.

"We dada," akasema mwenyekiti wetu wa kwaya, "hilo si jiwe la mama yako la kusagia mahindi? Si ulilisukuma mpaka ukaolewa?"