Nailoni Inayooza

Wiki iliyopita, kwenye ofisi ya kilimo hapa Karatu, nilisimama foleni nyuma ya mama mmoja wa Endabash. Bwana shamba alimkunjulia nailoni ya majaribio ya kufunikia matuta ya mboga.

"Hii inaoza, mama," alisema kwa fahari.

Mama akainusa, akairudisha mezani. "Basi nipe ambayo haijaanza kuoza, mwanangu."

Tukacheka foleni nzima. Bwana shamba akaeleza kwamba ukishavuna huiokoti. Unaiacha shambani, inaoza yenyewe udongoni.

Mama hakucheka. Alisema mwaka jana ng'ombe wake alikufa, na walipompasua wakakuta tumboni donge la nailoni. "Na hii ikiliwa, itaoza tumboni?"

"Hapo sijui, mama. Tumeelezwa habari za udongo tu."

"Waulize kwanza waliokueleza," alisema, akiisukuma nailoni upande wa bwana shamba. "Udongo wangu haujawahi kufa."

Sisi tuliocheka, mavuno yakiisha, wote tunaingiza ng'ombe shambani wakale mabua. Lakini foleni nzima hatukuwa na swali.