Miguu ya Bi Gatward

Enid Rusbridge alikuwa na viatu jozi mbili nyumbani na jozi thelathini na moja kazini. Vile vya kazini vilipangwa kabatini: buti za polisi, viatu vya bibi harusi, ndara za mgonjwa, makubazi ya mtawa. Redioni hakuna anayeonekana, kwa hiyo kila mtu lazima asikike akitembea, na katika jumba letu la redio pale London aliyewatembeza wote alikuwa Enid. Mwigizaji alisimama mbele ya kipaza sauti na karatasi mkononi, ametulia kama nguzo. Pembeni yake Enid alikanyaga kokoto kwenye trei, akafunga mlango usio na nyumba, akashuka ngazi isiyotoka popote. Mimi nilikuwa nikiuza chai kwenye kantini, mlango wa pili kutoka studio, na kikombe chake nilikijua: chai nzito, bila sukari, maana sukari yake ya mgawo wa serikali alimwachia dada yake, Doris.

Aliingia kazi hiyo wakati wa vita, wanaume walipochukuliwa jeshini. Waliporudi walipewa vyeo juu yake, naye akabaki na kabati lake. Hilo hakulisema sana. Lililomchoma lilikuwa moja, na lilikuwa na jina: Muriel Stannage.

Wawili hawa walianza pamoja. Wakiwa wasichana wa miaka ishirini na kitu walizunguka na kundi la waigizaji, mji huu wiki hii, mji ule wiki ijayo, na majira ya baridi ya mwaka 1929 wakajikuta Hull, katika chumba cha kupanga cha mama mmoja mwenye nyonga mbovu. Mama yule alikataza kupika vyumbani, na kila jioni alishuka ngazi kukagua: kishindo, kishindo, kisha mkokoto. Wapangaji wakiusikia ule mkokoto, sufuria zilikimbilia chini ya vitanda. Enid akauiga mwendo juu ya mbao za sakafu, Muriel akaiga sauti, wakacheka mpaka miguu ikawaishia nguvu. Aliyeanza alikuwa Enid. Hilo aliniambia mara nyingi kuliko nilivyohitaji kuambiwa.

Miaka ikapita. Muriel akawa jina la kuandikwa kwenye mabango, Enid akawa miguu. Mwaka 1952 Muriel, akila chakula cha mchana na mwandishi mmoja wa vichekesho, alimsimulia habari za yule mama wa Hull, na mwandishi akaenda kwake akaandika. Kikazaliwa kipindi kipya, Nyumba ya Bi Gatward. Wapangaji watatu wanakaanga samaki kwa siri juu ya jiko la mafuta ya taa. Mwenye nyumba anashuka vidato kumi na vitatu vya ngazi, nao wana muda wa vidato hivyo tu kumficha samaki, jiko na harufu. Basi, hadithi yenyewe ndiyo hiyo. Wakubwa walikubali vipindi sita, lakini kila mtu alijua kwamba kile cha kwanza kikipoa, vilivyobaki vitasikilizwa na paka.

Enid alipopata habari alimwendea mtayarishaji, Bwana Lomax, akaomba ajaribiwe kwa sauti ya Bi Gatward. Bwana Lomax alikuwa mstaarabu. Alimsikiliza nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo dakika nne nzima, kisha akatoka akamwambia sauti yake ni safi, ila haina mtu ndani.

"Lakini miguu yako, Enid," akasema. "Nani mwingine ana miguu kama yako?"

Kwa hiyo Bi Gatward akagawanywa. Mdomo ukaenda kwa Muriel, nyonga mbovu ikabaki kwa Enid.

Alhamisi ya kipindi cha kwanza, baada ya mazoezi, Muriel aliingia kantini akiwa na furaha ya kumtosha kila mtu. Alimwekea Enid mkono begani.

"Shoga, tumerudi Hull. Na ule mwendo unaukumbuka? Nilimwambia mwandishi, bila mwendo huo hakuna kitu. Nilikuwa nikiucheza pale chumbani, wewe unalia kwa kicheko."

Niliona kikombe cha Enid kikisimama kati ya meza na mdomo.

"Aliyekuwa akilia ni wewe," akasema.

Muriel akacheka, akasema huenda, nani anakumbuka, akaenda kuvaa. Sidhani alidanganya kwa kusudi. Kisa akikisimulia mtu mara mia, kinamwota mwilini. Lakini Enid aliketi pale mpaka chai ikaweka utando. Alikwisha kuiona karatasi ya msomaji wa matangazo, yenye majina ya kusomwa mwishoni mwa kipindi. Yalikuwa majina manane. Hata mpiga kinanda alikuwemo. Yeye hakuwemo.

Siku zile kipindi kilikwenda hewani palepale kinapochezwa, hakuna kufuta wala kurudia. Saa moja na nusu jioni taa nyekundu ikawaka. Mbele walikaa watu mia tatu walioingia kwa tiketi za bure, makoti yao yakitoa harufu ya mvua. Muriel alivaa gauni la kijani lililoacha mabega wazi, ingawa msikilizaji wa nyumbani hata rangi yake asingeijua. Enid alivaa koti refu la kazi la kijivu na viatu vya kiume alivyovijaza magazeti, amesimama juu ya ngazi yake ya mbao. Waigizaji walipomaliza ukurasa waliuachia uanguke kwenye zulia, maana kipaza sauti husikia hata karatasi ikigeuzwa.

Sasa nikwambie alilokusudia, maana baadaye aliniambia mwenyewe. Alilipanga asubuhi akiwa ndani ya basi. Muriel alitakiwa kusema neno lake la kwanza baada ya kidato cha kumi na tatu. Enid angesimama kwenye cha tisa. Redioni kimya kinatisha kama moshi ndani ya nyumba: wenye kusikiliza huanza kugonga redio zao, na watayarishaji huota mvi. Na lawama ingemwangukia nani, kama si mwanamke ambaye nchi nzima ilikuwa ikingoja sauti yake?

Wapangaji wakakaanga samaki wao. Vicheko vilikuwa vichache, vya adabu. Ngazi ikaanza kulia: kishindo, kishindo, mkokoto. Mmoja akafungua dirisha, mwingine akavuta droo. Kidato cha saba. Cha nane. Cha tisa.

Enid akasimama, mguu mmoja hewani.

Muriel akamwangalia. Bwana Lomax akainuka nyuma ya kioo. Wapangaji watatu wakatazama karatasi zao, na karatasi hazikuwa na kitu. Kimya kikakua. Mbele kabisa mtu mmoja akakohoa, na Enid, nikimwona kupitia mlango wa studio niliouacha wazi kidogo, alikuwa na uso wa mtu anayekula kitu kitamu peke yake.

Ndipo mpangaji mkubwa wa watatu wale, mzee Cyril Popplewell, aliyezeeka kwenye majukwaa ya vichekesho, akasogea kwenye kipaza sauti akanong'ona, "Ananusa."

Watu mia tatu wakalipuka. Kilikuwa kicheko cha kutoka tumboni, cha watu wanaoshika mbavu za jirani. Kilipotaka kushuka, Enid, ambaye hakujua tena la kufanya, akauteremsha mguu. Mkokoto. Kikapanda upya. Muriel alipofika kwenye neno lake, hata angesoma orodha ya dobi wangecheka. Na toka hapo hadi mwisho hawakupoa.

Taa ilipozimwa Bwana Lomax alitoka mbio akamkumbatia Muriel.

"Kile kimya," akasema. "Ulijuaje kusubiri vile?"

Muriel alimtazama Enid juu ya bega la Bwana Lomax. "Nilihisi tu," akajibu.

Ungekuwa wewe ungesema nini? Kudai kimya kile ni chako ni kukiri ulikiweka ili kumwaibisha mwenzako hewani, na mtu hufukuzwa kwa dogo kuliko hilo. Enid akavua viatu akavirudisha kabatini.

Jumamosi Doris akamsomea gazeti wakila mayai ya unga. Mwandishi wa gazeti alimsifu Bi Stannage kwa ujasiri wake wa kunyamaza.

"Huyu Muriel ana akili," Doris akasema. "Anajua kunyamaza. Wewe ulikuwa wapi wakati ule?"

"Kwenye ngazi," Enid akajibu, akamsogezea sahani.

Alikonda ndani ya siku nne. Msusi alikisifu kile kimya, kondakta wa basi alikisifu, na kila sifa ilikwenda kwenye nyumba isiyo yake.

Jumanne yalikuja mazoezi ya kipindi cha pili. Mwandishi wa kipindi alikuwa ameandika: Bi Gatward anasimama kidato cha tisa. Kimya. Bwana Lomax akaeleza utaratibu. Muriel atainua kidole, Enid asimame. Muriel akikishusha, Enid aendelee.

Nilikuwa nimeingia na trei ya vikombe, kwa hiyo hili nililisikia kwa masikio yangu. Enid alibaki juu ya ngazi.

"Sitaenda kwa kidole chake," akasema. "Alhamisi nilisimama mimi. Nilitaka mambo yamharibikie, aaibike mbele ya nchi nzima. Yeye hakuhisi chochote."

Bwana Lomax akamgeukia Muriel, akamuuliza kama alilijua hilo.

"Nilijua," Muriel akasema, masikio yamemwiva. "Uso wake niliuona. Nilidhani nitazirai. Halafu zikaja sifa, nami nikazipokea."

"Basi nifanye nini na huyu?"

"Mwache hapohapo alipo. Na kidole kiache. Mimi nikishika kile kimya nitahesabu moja, mbili, tatu, na watu watasikia nahesabu. Enid hahesabu, bwana. Enid ananichukia."

Mzee Popplewell akasema ndani ya skafu yake kwamba wengine hulipwa pesa nyingi kwa kazi hiyo ya kuchukia.

Bwana Lomax alimwonya Enid kwamba akifanya tena jambo lisiloandikwa atamtoa yeye na kabati lake. Lakini lile la kidato cha tisa lilikuwa limekwisha kuandikwa, kwa hiyo alifanye, na urefu wake ajue mwenyewe. Enid akamwomba sasa jina lake lisomwe. Akakataliwa kwa upole. Likisomwa, Bwana Lomax alisema, watu watajua kwamba Bi Gatward hana miguu.

Kipindi kile kilidumu miaka saba, na jina halikusomwa hata siku moja. Muriel alipewa nishani, akapigwa picha pamoja na mameya, akajengewa nyumba yenye bustani, na kila jambo Enid alikuja kunihesabia kwenye kantini, moja baada ya jingine. Alimwonea wivu mpaka mwisho, tena bila kujificha. Lakini kila Alhamisi, kwenye kidato cha tisa, mwenye nishani alisimama na mabega yake wazi, mbele ya kipaza sauti, bila kujua atarudishiwa pumzi yake lini. Wiki ya ile nishani, Enid alimweka pale sekunde kumi na moja. Watu walicheka mpaka wengine wakatolewa nje.