Mrija Niliokataa

Nilirudi Kumsenga kwenye posa ya dada yangu nikiwa na mafua na hasira. Mafua niliyapata bwenini Kasulu, ninakosomea kazi ya maabara. Hasira ilitoka darasani. Mwalimu alikuwa ametufundisha protini ya kirusi cha mafua iitwayo M1, iliyojitandaza chini ya ngozi ya kirusi, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kupotea. Kirusi kikishajinakili ndani ya seli, M1 huzishika chembe zake za urithi, husaidia kuzitoa kwenye kiini cha seli na kuzikusanya ukingoni, hadi kirusi kipya kifungwe kitoke. Sawa. Lakini kikiingia kwenye seli nyingine, tindikali ikapenya kwenye kitundu cha protini mwenzake, M2, basi M1 ile ile huziachia chembe zikaanze kazi. Isipoachia, hakuna kinachozaliwa. Nikauliza, sasa kazi yake ni kushika au kuachia? Darasa likacheka. Mwalimu akasema, "Zote mbili," akafuta ubao. Jibu gani hilo?

Nyumbani nikakuta fumbo jingine. Waposaji walikuwa wanatoka Kakonko, na mama hakutaka. Kijana hakuwa na kasoro. Ila baba yetu alishafariki, mimi niko chuoni, na dada ndiye aliyebaki na mama shambani, kisimani, na kwenye mazungumzo ya jioni. Kila siku mama alikuwa na kisingizio kipya: mara njia mbaya, mara ukoo ule una maneno mengi. Dada aliniambia jikoni huku akimenya ndizi, "Wakiondoka leo bila jibu zuri, hawarudi tena." 

Wageni wakaketi, chungu cha pombe ya ndizi kikawekwa katikati. Kwetu mrija ni mmoja na unazunguka. Mwenyeji huonja kwanza, na akikataa ni kama amewaambia wageni kwamba chunguni kuna kitu. Nalijua hilo tangu utoto. Shangazi akanipa mrija. "Onja, mwana wanje, mwanangu, uwape wageni."

Aliyekuwa anafuata ni baba wa kijana, mzee aliyekuwa akipumua kwa shida tangu alipoingia. Nikaurudisha.

"Shikamooni wazee, mnisamehe. Nina mafua. Nikionja, kirusi kitamfuata mzee kifuani."

 Nikajaribu kueleza, nikaanza na M1, nikachanganya kushika na kuachia, na kila neno lilizidi kuniharibia. Mshenga wao akachukua kofia yake.

"Mama, binti wa nyumba anaogopa chungu cha nyumba. Sisi tuelewe nini?"

Wote wakamgeukia mama. Nami nikamtazama, nikaona ameelewa kabla yangu: kisingizio alichokuwa akikitafuta nilikuwa nimemletea mimi, na angeweza kunyamaza tu.  Mama akauchukua ule mrija, akavuta, akavuta tena, akaufuta kwa kitenge na kumpa mzee kwa mikono miwili.

"Karibuni, wakwe," akasema.

Mshenga akaweka kofia. Nyuma ya pazia nilimsikia dada akilia.

Jioni, tukiosha chungu, nilimkabili. "Mama, si ulikuwa hutaki aende?"

"Sitaki."

"Sasa mbona ulikunywa?"

"Usiniulize mambo ya shule," alijibu, akaendelea kusugua pale palipokwisha kutakata.

Swali la M1 lilikuja kwenye mtihani. Nikaandika kwamba inashika na inaachia, nikapewa alama zote, na sikuwa nimeelewa kitu. Kisha harusi ikafika, dada akaenda Kakonko. Asubuhi iliyofuata mama alitoka uani na ndoo mbili tupu za kwenda kisimani, akamwita dada kama kawaida, kwa sauti. Alisubiri kidogo. Ndipo akainama, akachukua ndoo moja, na ile ya pili akaiacha pale pale mlangoni.