Jembe la Posa

Nikisikia harufu ya rangi ya jembe jipya madukani hapa Songea, hasira inanipanda. Baba alikuwa nalo la namna hiyo, limetundikwa sebuleni, na kila mgeni alisimuliwa: mshenga aliliegemeza mlangoni kwa wazazi wa mama, binti akalichukua, posa ikawa imekubaliwa.

Siku moja mama, akiwanawisha wageni mikono, alisema taratibu, "Nilikuwa nawahi shambani. Langu lilivunjika mpini. Hakuna aliyeniambia kuwa lile ni la posa."

"Si ulilichukua mwenyewe, mama watoto?" baba alimjibu. Wageni wakacheka. Na mimi nikacheka.

Tangu litundikwe, jembe lile halikuwahi kugusa udongo hata siku moja. Aliyelimishwa maisha yake yote ni mama.