Zizi Nililolipita

Siku ya kwanza kazini niliingia ofisi ya mifugo Musoma nikiwa na viatu vya kuazima, miaka michache baada ya Uhuru. Bwana Mifugo wa Mkoa, mzee mfupi mwenye sauti kubwa, hakunipa hata kiti. Alinifungulia sanduku la kazi: sindano za kuchemshwa kwenye jiko la mafuta ya taa, koleo ya kutobolea sikio la ng'ombe aliyekwisha chanjwa, na vichupa vya chanjo ya unga.

"Hivi vitu nitakagua mimi kila asubuhi," akasema. "Kama uko tayari nitajua. Lakini kama una moyo wa kwenda, huo siwezi kuukagua, kijana."

"Ndiyo, mzee," nikaitika. Nilidhani ni maneno ya wazee tu.

Baadaye nikapelekwa Bunda, nikakaa miaka minne kwenye josho, ule mfereji wa saruji wenye dawa ya kupe ambamo ng'ombe hutumbukia upande huu na kutokea ule. Wakulima wa pamba walikuwa wanatutukana kwa kuwacheleweshea ng'ombe wa kulimia, nasi tunawarudishia. Msimamizi wangu pale alikuwa mkali kama pilipili, ila kazi aliijua. Ninyi vijana mnaofanya kazi na simu mkononi hamwezi kuelewa raha ya kutoka josho jioni unanuka dawa mpaka mkeo anakukimbia. Raha yenyewe ndiyo hiyo, sikuwa na nyingine.

Kisha ikaja barua ya uhamisho kwenda Buswahili, upande wa Butiama, kijiji kipya cha Ujamaa. Jamani! Kule ndiko alikokuwa baba mkwe, baba yake Nyangeta mke wangu. Na katika ukoo wetu, mwanaume akishatoa mahari haingii zizi la mkwe mpaka mkwe mwenyewe amshike mkono amwingize mbele ya wazee, kwa pombe ya siku nzima. Ng'ombe uliowatoa wamo mle. Ukiingia mwenyewe, watu watasema umekuja kuwahesabu, unataka kuwarudisha. Enzi zile uhamisho ulikuwa amri, kwa hiyo nilikwenda.

Mwaka wa pili sotoka ikaingia. Ng'ombe anatoka machozi, mdomo unaoza, anahara mpaka analala, na akilala haamki. Bwana Mifugo wa Wilaya alikuja na Landrova, akanishushia sanduku la barafu.

"Pita kila boma," akaniambia. "Ukishachanganya hiyo dawa na maji baridi una saa mbili, zikizidi imeharibika. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bwana."

Nyangeta alinishika mkono mlangoni. "Uanze na kwa baba," akasema. "Mama anaumwa, wanaishi kwa maziwa ya wale ng'ombe. Hawana kingine."

Sikuanza na kwa baba yake. Nilianza na jirani, nikaenda na mwingine, nikijipa muda ili mtu aje kuniita. Hakuja mtu. Jua lilikuwa limeshapanda nilipofika uani kwa baba mkwe na chupa ya mwisho iliyochanganywa. Nikapiga hodi mara tatu. Kimya. Milango ilikuwa wazi, hakuna mwanaume, hakuna mwanamke, hata mgonjwa hayupo. Zizini walikuwemo ng'ombe kumi na moja, wamesimama, wananitazama.

Sindano ilikuwa mkononi mwangu, imechemshwa, imejazwa. Nikajiambia, wangenitaka wangekuwepo. Wamekimbia ili nisiingie. Nikaona aibu, nikaona hasira pia, nikageuka nikaondoka. Dawa iliyobaki niliimwaga njiani muda wake ulipopita.

Kabla ya mwezi kuisha zizi lile lilikuwa tupu. Mama mkwe alifuata, na baba mkwe hakumaliza mwaka. Siku ya msiba wa mkewe alinitazama tu, hakunipa mkono. Wilayani ripoti yangu ilisifiwa. Nikaendelea na kazi miaka mingine mingi, Bunda tena, Musoma tena, na kila asubuhi sanduku langu lilikuwa kamili. Nilistaafu nikapewa blanketi na cheti. Mwenye hotuba alisema sijawahi kukutwa siko tayari, watu wakapiga makofi.

Jioni ile Nyangeta alikaa kitandani akalikunja lile blanketi.

"Nikuambie kitu cha baba," akasema. "Nilikihifadhi kwa sababu ya watoto."

"Sema."

"Siku ile ya chanjo, ng'ombe wa jirani walishachanjwa wakaenda malishoni. Wa kwetu walikuwa zizini mpaka saa ngapi?"

 Miaka yote ile, mimi bwana mifugo, sikuwahi kujiuliza kwa nini watu waliokimbia nisiingie waliwaacha ng'ombe zizini jua limepanda vile.

"Baba aliwazuia. Akambeba mama mgongoni, wakaenda kujificha kwenye mihogo. Alisema, 'Mkwe wangu ana haya. Nikiwepo atangoja nimshike mkono mbele ya wazee, dawa itaharibika. Acha tusionekane, aingie afanye kazi yake.' Walikaa mle wanakuchungulia. Wakakuona unageuka."

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Kumbe hatupendi.' Ndilo neno alilokufa nalo."