Bakuli Jeusi la Posa ya Mama Mdogo

Nyumba yetu ya Mishomoroni ilikuwa na harufu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya sabuni ya hotelini, iliyorudi na Mama kila jioni kutoka Shanzu alikofanya usafi wa vyumba. Ya pili ilikuwa ya mbao kavu na magazeti makuukuu yenye maandishi ambayo hakuna mtu mtaani kwetu aliyeweza kuyasoma, na hiyo ilitoka kwenye visanduku vya vyombo vya Japani. Mama alivinunua kwa mfanyabiashara aliyepokea shehena za mitumba kutoka huko: friji, baiskeli, magitaa, na katikati ya hayo yote mabakuli ya udongo yaliyofinyangwa kwa mkono. Watu wenye akili zao walikimbilia friji. Mama alikimbilia mabakuli, tena si yale mazuri. Alichagua yaliyopinda, yenye mabaka, yenye alama za vidole vya mfinyanzi ambaye, kwa maoni ya majirani, alikuwa bado anajifunza kazi. Baba, fundi wa magari kule Changamwe na mtu wa maneno machache, alisema kipenda roho hula nyama mbichi, kisha akauliza kama siku moja roho hiyo ingependa na friji pia.

Ugonjwa huo Mama aliupatia kazini. Mgeni mmoja, bibi wa Kijapani, alikuja hotelini na bakuli lake mwenyewe limefungwa kwenye kitambaa. Kila asubuhi alinywea chai, akaliosha kwa mkono wake na kulifunga tena, wala hakumruhusu Mama kuligusa. Mama alikasirika siku za kwanza, akidhani anashukiwa kuwa mvunjaji. Siku ya mwisho yule bibi alimwita, akamwekea bakuli mikononi, akamwonyesha kuligeuza na kutazama chini kwenye kitako, mahali mfinyanzi anapoweka alama yake. Basi, ikawa balaa. Tangu siku hiyo Mama aligeuza kila chombo alichokutana nacho, madukani, kanisani, kwa majirani. Kwenye arusi moja aligeuza sahani kabla hajakumbuka kwamba ina pilau. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimevaa gauni jeupe, nimekaa karibu naye.

Katika vyombo vyote, alichokipenda kupita kiasi ni bakuli jeusi, zito, limeinama upande mmoja. Ukiliona ungedhani ni sufuria iliyounguza maharage. Lilikaa peke yake kwenye rafu ya juu ya kabati na sisi watoto tulikatazwa hata kukimbia karibu nalo. Mdogo wake Mama, Mama Mdogo Kadzo, aliyeishi nasi tangu babu na bibi walipofariki, alizoea kusema kwamba siku nyumba ikishika moto, dada yake ataokoa bakuli kwanza, halafu atauliza watoto wako wapi. Tulicheka sana. Mama hakucheka, wala hakukanusha.

Ndipo ikaja posa ya Mama Mdogo. Mchumba wake, Katana, alitoka Bofu, upande wa pili wa kivuko, na msemaji wa ukoo wao alikuwa baba yake mkubwa, Mzee Kazungu, ambaye sifa zake zilifika kwetu kabla yake. Ilisemwa kwamba amewahi kuinuka na kuondoka kwenye posa kwa sababu ya salamu iliyochelewa. Mama Mdogo hakulala wiki nzima. Alimpenda Katana waziwazi, bila aibu, na alimsihi dada yake jambo moja tu: wageni wapewe vikombe vya kawaida. Mama akajibu kwamba wageni wa heshima hupewa vyombo vya heshima. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini siku hiyo sisi wenyeji tuliomba tu tusalimike.

Chai ya tangawizi ilimiminwa ikichemka kwenye mabakuli yasiyo na mikono. Wageni wakayapokea kwa adabu, na adabu ikaanza kuwaunguza. Huyu alihamisha bakuli kutoka kiganja hadi kiganja, yule akalikamata kwa ncha ya kanga, na hakuna aliyethubutu kuliweka chini asije akaonekana amekataa chai ya ukweni. Mzee Kazungu peke yake alitulia. Yeye alipewa lile jeusi, na unene wake ulizuia moto. Akalipima kwa viganja, akatia mkono mfuko wa shati, akatoa mrija wake wa kunywea tembo la mnazi, wenye kichujio mwishoni, akauchomeka ndani ya chai na kuvuta taratibu, macho kayafumba. Baba, mzee wa kanisa, alitazama dari. Mzee alipomaliza aligeuza bakuli juu chini, matone yakadondokea sakafuni kwa ajili ya wahenga. Mama akadhani anatafuta alama ya mfinyanzi, uso ukamng'aa.

"Chombo hiki chajua mnywaji," Mzee alisema. "Mahari mliyotaja tutaleta yote, hatubishani. Nami nina neno moja tu. Hiki nitaondoka nacho."

"Baba, chagua kingine," Mama alimwambia Mzee. "Chukua hata viwili." Mzee akatikisa kichwa. "Basi chukua televisheni." Baba akakohoa kwa nguvu. Mzee Kazungu akaanza kufuta mrija wake polepole, na watu wa Bofu wakaanza kutafuta viatu vyao kwa macho.

Pazia la chumbani likafunguka. Bi harusi hatoki kabla hajaitwa, lakini Mama Mdogo alitoka, akalichukua bakuli, akalifuta kwa kanga yake, akapiga magoti na kumpa Mzee kwa mikono miwili. "Shikamoo, baba." Mama akaangua kilio. Wanawake wa Bofu, wakidhani analia kwa kuagana na mdogo wake, wakamsaidia kwa machozi na vigelegele. Sisi wa nyumbani tulijua analilia nini.

Leo mimi nina kabati la kioo lenye taa ndani, na vyombo ninavyoagiza kutoka Japani kwa simu. Ninajua majina ya udongo na ya wafinyanzi, na hakuna hata kimoja nilichowahi kunywea. Mzee Kazungu alishakufa, bakuli likabaki kwa Mama Mdogo, limekolea rangi ya chai kwa ndani, na limependeza kuliko yangu yote. Pasaka iliyopita nilimpeleka Mama Bofu, maana miguu yake sasa ni ya kusindikizwa. Njia nzima alisema amemkumbuka sana mdogo wake, na mimi nikamwamini. Mama Mdogo alipofungua mlango, Mama alichungulia juu ya bega lake, kuelekea jikoni.

"Lipo?"

"Lipo, dada," Mama Mdogo akajibu, akimshika mkono. "Na mimi pia nipo."