Rekodi ya Mistari Miwili na Nukta

Wanaosema Kalista Mgaya aliiba rekodi hawajawahi kusimama mbele ya msumeno. Mimi nimesimama naye mwaka wa tisa sasa, yeye akisukuma gogo upande ule na mimi nikipokea mbao upande huu. Kwa hiyo nisikilizeni mimi kwanza, halafu mkawasikilize wao kama bado mna hamu.

Kazi yetu ni ya dingdong, zile mashine ndogo za kupasulia mbao zilizojaa pembezoni mwa Mafinga. Kusukuma ni kazi ya wanaume, ndivyo inavyosemwa. Kalista aliipata kwa sababu mwanaume aliyekuwepo hakuwa na subira. Msumeno ukikutana na fundo yeye alizidi kusukuma, meno yakaungua, mbao ikatoka imepinda. Kalista akisikia sauti ya msumeno inabadilika, anapunguza. Kidogo tu, kiasi cha fundo kupita, halafu anaendelea. Mzee Jailos, mwenye mashine, alimtazama siku mbili, na siku ya tatu akampa glavu za yule bwana.

Ni mjane wa miaka arobaini na sita, anaimba sauti ya pili kanisani na hapendi kusemeshwa kabla ya chai. Mwaka jana binti yake Eveline, anayesoma chuo Iringa, alimwachia simu yake ya zamani iliyopasuka kioo. Ndani mlikuwa na mchezo unaoitwa Mbio. Kuna msichana anakimbia kwenye barabara isiyo na mwisho, na mbele yake vinakuja vitu: mawe, mashimo, mikokoteni, ng'ombe. Ukigusa kioo anaruka. Ukikibana kidole kisitoke, dunia nzima inakwenda polepole, hata ndege wa angani, nawe unapata nafasi ya kuchagua pa kukanyaga. Lakini polepole hiyo ina kipimo. Kuna mstari wa kijani unaofupika kila ukibana, na ukiisha, umebaki na mbio zako.

Vijana wa stendi wote wanaucheza, na wote wana ugonjwa mmoja: wakiona jiwe wanabana mpaka mstari unakauka, kisha mkokoteni unaofuata unawamaliza. Kalista alicheza anavyopasua. Kila jiwe kwake lilikuwa fundo. Anabana kidogo, linapita, anaachia. Saa ya chakula nilikuwa nakula ugali wangu na wake unapoa, msichana wa kwenye simu bado anakimbia.

Sasa kosa lake, maana kosa lipo na sitalificha. Mchezo ukiisha unakuuliza jina. Na kwetu mbao haiandikwi jina. Uwanja mmoja una mashine kumi, na akina Mgaya peke yao wanajaza lori. Kila mashine ina alama yake, inachorwa kwa rangi kwenye kichwa cha mbao, na yetu ni mistari miwili iliyoinama na nukta. Ukikutwa na mbao yenye alama ya mwenzio, hakuna anayehangaika na jina la mwenye alama. Unaulizwa umeitoa wapi. Basi Kalista, kwa akili ya kazini, alipoulizwa jina aliandika alama: mistari miwili na nukta.

Wenye mchezo huo ni kampuni moja ya simu yenye ofisi Mbeya. Walitangaza mashindano ya mwezi mzima: anayeongoza kila mji atakwenda Mbeya kwenye fainali kuuwakilisha mji wake. Mwezi ulipokwisha, juu kabisa kwa Mafinga palikuwa na mita elfu sitini na moja, mia tatu arobaini, na pembeni yake mistari miwili na nukta. Wa pili hakufika hata elfu arobaini.

Kalista akashonesha gauni la kitenge. Mtu huyu hajawahi kutumwa popote na mtu yeyote. Jina lake limewahi kusomwa mbele ya watu mara mbili tu, siku ya ubatizo na zilipotangazwa ndoa kanisani, na safari hii lingesomwa kwa jambo alilolifanya kwa mikono yake. Aliniambia hivyo mwenyewe tukiwa tunafagia unga wa mbao, akacheka kama aliyesema jambo la aibu.

Siku ya kutangaza mshindi tulikwenda uwanja wa mpira nusu ya watu wa mbao. Kijana wa kampuni, aliyejitambulisha kwa jina la Fred, akapanda jukwaani na kumwita wa pili, kijana wa stendi, kuwa ndiye mshindi. Akasema nafasi ya kwanza imefutwa kwa kuwa haina jina. Kalista akapanda, na gauni lake, na simu mkononi. Mimi nikapanda nyuma yake, maana najifahamu, ningebaki chini ningerusha kitu.

"Mama, hili siyo jina," Fred akamwambia. "Hii ni alama tu."

"Ndiyo alama yangu. Waulize hawa."

Watu wa mbao wakaitikia kwa pamoja kwamba ni yake. Fred akasema yeyote anaweza kuja na watu wake. Halafu akatabasamu, na tabasamu hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, akasema aliyeweka rekodi ile alitumia polepole kidogo mno, hivyo ni vidole vya kijana, na huenda mama amemshikia mtoto wake simu. Kalista akamwomba dakika tano acheze pale pale mbele yao. Fred akatazama saa yake, akasema gari la Mbeya linawasubiri. Mtu anayetembeza mchezo wa kupunguza mwendo wa dunia hakuwa na dakika tano!

Jumatatu tulikuta neno limeshafika kazini kabla yetu. Mama wa watu kajifanya bingwa, kumbe simu ya mwanawe. Hata waliokuwa uwanjani na kuitikia ni yake, wengine walianza kusema labda. Kalista alisukuma magogo, akapunguza kwenye mafundo, na saa ya chakula alikula ugali wake ukiwa wa moto. Mimi ndiye niliyekuwa silali kwa hasira.

Miezi mitatu baadaye nilikwenda Iringa kumwona dada yangu aliyejifungua. Karibu na soko nikakuta bango la kampuni ile, refu kuliko nyumba. Limeandikwa: NANI ATAVUNJA REKODI HII? Chini yake mita 61,340, na chini ya mita, kwa rangi nyekundu, mistari miwili na nukta. Nilisimama pale mpaka mwuza nyanya akaniuliza kama naumwa. Jina lake walilikataa, jasho lake wakalitundika sokoni.

Nilimwambia Kalista asubuhi iliyofuata. Aliuliza swali moja tu, kama nukta ipo. Nikamwambia ipo. Akazima mashine, akachukua msumeno wa mkono, akakata kichwa cha mbao yetu moja chenye alama, kipande cha kutosha kiganjani. Kesho yake alivaa lile gauni, tukapanda basi la Mbeya.

Ofisini kwa kampuni Fred alikuwepo. Kalista alimsalimia vizuri, akaweka kipande cha mbao juu ya meza yake, alama ikimtazama.

"Hii mmeweka kwenye bango," akasema. "Mmeitoa wapi?"

Fred akaangalia mbao, akaangalia gauni, nikaona amekumbuka. Akasema tukae kwenye benchi dakika tano aulize wakubwa. Tulikaa saa nzima na zaidi. Kalista akatoa simu, akaanza kukimbia. Kwanza kijana mmoja aliyekuja kulipia kifurushi akachungulia. Akamwita mwenzake. Ilipofika elfu hamsini foleni yote ilikuwa nyuma ya benchi letu. Alipoangushwa na ng'ombe kwenye elfu sitini na tano, nikageuka, na Fred naye alikuwa amesimama pale, na wakubwa wake wawili.

Simu ikauliza jina.

"Andika jina lako, mama," Fred akasema kwa upole. "Safari hii tumekuona."

Fainali ilishapita. Kijana wa stendi alishakwenda na kurudi, na Mafinga ilishapigiwa makofi bila yeye. Kalista akaandika mistari miwili, akaweka nukta, akaizima simu.

"Jina nilikupa uwanjani," akamwambia, akachukua kipande chake cha mbao, tukaenda kutafuta basi.